Vitone vya Pembeni

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, jengo zima la maabara lilikuwa na watu wawili tu: mlinzi pale mlangoni, na Mama Kikomo chini kabisa kwenye chumba cha kompyuta. Mlinzi alikuwa na redio yake ya kumliwaza. Mama Kikomo hakuwa na cha kumliwaza, na ukimuuliza angekwambia hahitaji.

Jina hilo hakuzaliwa nalo, wala hana mtoto anayeitwa Kikomo. Hana mtoto kabisa. Walimpachika wenzake kazini, kwa sababu kila aliyempelekea kazi, kabla hata hajavuta kiti, alikutana na swali moja: "Kikomo chako kiko wapi?" Ukijibu hovyo umekwisha. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, sweta la kijivu la kupambana na baridi ya mashine, na mdomo. Jamani, mdomo! Watu wazima wenye shahada tatu wametoka mle chumbani wakijifanya wameingiwa na vumbi machoni. Lakini kazi yake hakuna aliyeitilia shaka. Akisema kitu kipo, kipo. Akisema hakipo, mnakusanya makaratasi yenu mnakwenda kula.

Kazi yenyewe nitakueleza, na usinikunjie uso, si ngumu hivyo. Ndani ya miili yetu, na ya wadudu na minyoo pia, mna protini, kitu kidogo mno, huwezi kuliona umbo lake kwa darubini ya kawaida. Ukitaka kuliona, unaisafisha protini yako, unaiweka kwenye matone, unasubiri wiki, unasubiri miezi, unamwomba Mungu, mpaka siku moja inaganda na kuwa fuwele, kitu mfano wa punje ya chumvi na mara nyingi kidogo zaidi. Fuwele hiyo unaipiga eksirei. Upande wa pili zinatokea picha zenye vitone, maelfu kwa maelfu, na kutokana na vitone hivyo kompyuta inakuchorea ramani ambayo ndani yake unajenga umbo la protini.

Sasa sikiliza hapa. Vitone vya katikati ya picha vimekolea, mtoto wa chekechea atakuhesabia. Kadiri unavyokwenda pembeni vinafifia, vinafifia, mpaka hujui tena unaona kitone au unaona kelele tupu za mashine. Na balaa ni kwamba undani wa umbo uko kwenye hivyo vya pembeni. Ukivikata, ramani yako inakuwa safi lakini butu. Ukivichukua vyote, huenda umezoa takataka. Lazima mtu mmoja aseme, mimi naishia hapa. Hapo ndipo kikomo. Kinapimwa kwa angstromu, yaani milimita moja uigawe mara milioni kumi, na namba ikipungua maana yake umekwenda mbali zaidi na unaona vitu vidogo zaidi. Kwenye mbili nukta nane bado unakisia. Kwenye mbili nukta nne unaanza kutambua sura.

Basi, siku ya Alhamisi ilikuwa imeingia barua pepe kutoka kwa mtafiti wa mbali, mtu ambaye hawajawahi kuonana. Anaomba, kwa heshima nyingi, picha ghafi za ile protini ya mnyoo mliyoichapisha miaka minane iliyopita, maana anatafuta dawa ya mnyoo huyo na angependa kuzitazama upya. Kuzituma ni kazi ya dakika kumi. Mama Kikomo hakuzituma Alhamisi, hakuzituma Ijumaa, na leo ni Jumamosi ameketi mbele ya barua hiyo. Protini ile ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba kwao, na nyumbani wakamfupisha: Kitinda. Kati yao kuna miaka kumi na minne, na mama yao alikuwa mtu wa zamu za usiku na mchana, kwa hiyo aliyemwogesha Kitinda, aliyemsuka, aliyempeleka shule siku ya kwanza na kusimama dirishani mpaka akatimuliwa na mwalimu, ni huyuhuyu Mama Kikomo. Baadaye akamwingiza maabara, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu Kitinda alikuwa na mikono ambayo haijui kutetemeka. Fuwele ile ya protini ya mnyoo aliikuza miaka mitatu. Matone mia kwa mia yaliharibika. Mwishowe, kwenye tone ambalo alikuwa ametia kemikali kutoka chupa moja ya kifuniko cha bluu, ikatokea fuwele moja. Moja tu. Akaja mbio ngazi nzima kumwita dada yake, viatu mkononi.

Enzi hizo walikula pamoja kila mchana, kwenye ngazi za nyuma, kutoka bakuli moja. Kitinda alikuwa hali vitunguu. Alivisukuma kimoja kimoja upande wa dada yake, na dada yake akavila huku akimsema kwamba mtu mzima hachagui chakula. Siku hizi Mama Kikomo anakula mezani kwake, mlango umefungwa, na bakuli lote ni upande wake.

Kilichowatenganisha ni mkutano wa nusu saa.

Kitinda alikuja kwenye mkutano ule wa maabara na karatasi mkononi. Hakuwa mtu wa hesabu, alikuwa mtu wa matone, lakini alikuwa amejifunza mwenyewe kuendesha programu, na akachora ramani akitumia vitone mpaka mbili nukta tatu. Akasema, mbele ya watu kumi na wawili, kwamba lile tundu la protini ambalo dada yake ameandika ni tupu, si tupu. Kuna kitu kirefu kimejikunja mle ndani. Anadhani ni ile kemikali ya kifuniko cha bluu. Na kama kitu kile kimeweza kukaa, dawa nayo itaweza kukaa.

Mama Kikomo alikuwa amekata kwenye mbili nukta nane. Kanuni ya zamani ndivyo ilivyosema: ishara ikishakuwa chini ya mara mbili ya kelele, kata. Jedwali lake la matokeo lilikuwa linapendeza, wahakiki wa jarida wangelipitisha bila kelele. Na hapo sasa anasimama mdogo wake, mtoto aliyemfuta kamasi, anamsahihisha mbele ya mkuu wa maabara.

"Ukitia kelele zote humo," akasema, "utaona hata sura ya marehemu bibi."

Wakacheka. Kitinda naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini Dada, tungejaribu tu. Tusogee hatua kwa hatua tuone."

Mkuu wa maabara akamgeukia Mama Kikomo, kalamu hewani, anasubiri.

"Nimeshajaribu," akasema Mama Kikomo bila kupepesa macho. "Jana. Nimekwenda mpaka mbili nukta tatu. Hakuna kitu."

Ikawa basi. Siku kumi baadaye Kitinda akaandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Hakugomba, hakupiga mlango. Mama Kikomo akasema moyoni, amenuna, kinyongo kitamwisha. Kinyongo gani hicho cha miaka minane! Walipomzika mama yao walikutana, wakaongea. Viti vingapi? Mia mbili. Turubai je? Limeshafika. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyofanya tangu hapo. Habari nyingine alizipata kwa binamu: kwamba Kitinda siku hizi ni fundi wa meno bandia, na kwamba hajambo.

Jumamosi ile, basi, Mama Kikomo alifungua lile jalada la zamani kwenye kompyuta akiwa na nia moja. Kabla hajazituma picha kwa mgeni, auone kwanza ule mwendo wake wa mbili nukta tatu, alioufanya siku moja kabla ya mkutano, ili mgeni akiuliza awe na jibu. Maana alikuwa anaukumbuka. Anakumbuka hata alivyokaa.

Kompyuta ile ina tabia moja mbaya, haisahau. Kila mara programu inapoendeshwa, inaandika tarehe, saa na kikomo kilichotumika. Akasoma orodha kwenda chini. Tatu kamili. Mbili nukta nane. Mbili nukta nane tena. Mbili nukta nane. Halafu orodha ikaisha.

Akasema itakuwa iko kwenye jalada jingine. Akatafuta jalada jingine. Akatafuta kwenye diski za akiba, akatafuta kwa jina lake, akatafuta kwa tarehe. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Siku ile moja kabla ya mkutano kulikuwa na faili moja tu: jedwali la matokeo, ambalo alikuwa analipanga vizuri mistari yake. Saa kumi jioni ya siku hiyo ya zamani alikuwa amefunga kompyuta, akaenda nyumbani kichwa kinamuuma. Hiki sasa ndicho alichokikumbuka, na kilikuja kizima, mpaka dawa ya kichwa aliyoinunua njiani.

Hakujaribu. Hakuwa amejaribu hata kidogo. Alisema uongo mchana kweupe, kisha akauzoea, kisha akausadiki, na kwa miaka minane amekuwa akimwona mdogo wake mkaidi asiyetaka kuelewa kipimo.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, peke yake, mle chumbani, hakuna hata wa kumtazama. Ningependa kukwambia alilia. Hakulia, alivaa miwani.

Siku hizi kuna njia nzuri ya kuamua kikomo, na inahitaji subira kuliko akili. Unaanza na kikomo cha zamani, unajenga umbo. Kisha unaongeza vitone kidogo vya pembeni, ukanda mmoja tu, unajenga tena. Halafu maumbo hayo mawili unayafanyisha mtihani mmoja, kwa vitone vilevile vya ndani. Kama lile lililolishwa vitone vya pembeni limefanya vizuri zaidi, basi vile vya pembeni havikuwa kelele, vilikuwa vinasema kitu. Unaongeza ukanda mwingine. Siku vikianza kutokusaidia, umefika. Na mtihani wenyewe una masharti: tangu mwanzo kabisa unatenga vitone vichache, vitano katika kila mia, ambavyo umbo halivioni kamwe wakati wa kujengwa. Hivyo ndivyo maswali yake ya mtihani.

Akaendesha ukanda wa kwanza. Dakika kumi. Umbo likawa bora. Ukanda wa pili, bora. Wa tatu, bora zaidi. Alikuwa amesimama sasa, mikono kiunoni. Mbili nukta nne, bora. Mbili nukta tatu, bora. Mbili nukta moja, mahali ambapo picha ni weusi mtupu, bado bora! Akajikuta anatabasamu kama mjinga. Kisha tabasamu likakauka, maana mdomo ni wake lakini na akili ni yake. Hakuna fuwele inayotoa zawadi namna hii.

Akarudi nyuma kukagua, na akakuta kosa la kumfukuzisha kazi mwanafunzi. Alipoanza upya hakuleta ile orodha ya zamani ya vitone vilivyotengwa, na programu, bila kumuuliza, ikajichagulia vingine. Vingine hivyo umbo la zamani lilikwishajengwa navyo. Lilikuwa linavijua. Mtihani umevuja, na kila mtu amepata mia kwa mia.

Nani angejua? Jengo halina mtu. Matokeo yalikuwa yanasema kile hasa alichotaka yaseme, kwamba Kitinda alikuwa sahihi, tena zaidi ya sahihi. Angeweza kuyachapa yalivyo akampelekea kama zawadi. Alifikiria hivyo, sitamtetea, alifikiria kwa muda kama wa kunywa chai.

"Safari hii hapana," akasema kwa sauti, akafuta yote.

Akaileta orodha ya zamani, akaanza tena kutoka mwanzo. Saa nane ikawa saa tisa, ikawa saa kumi. Mlinzi akashuka kuuliza kama yuko salama, akajibiwa kwa mkono. Bakuli la chakula lilikuwa pembeni halijafunguliwa. Matokeo ya safari hii yalikuja kwa unyonge, kama matokeo ya kweli yanavyokuja. Mbili nukta sita, bora kidogo. Mbili nukta tano, bora. Mbili nukta nne, bora kwa unywele. Mbili nukta tatu, hakuna tofauti. Mbili nukta mbili, mambo yameharibika. Kikomo ni mbili nukta nne.

Ndipo akaifungua ramani na kuiendea ile sehemu ya tundu. Kwenye ramani ya zamani palikuwa na uvimbe tu, kibonge kisicho na sura, ambacho ungesema ni maji na usilaumiwe. Kwenye ramani mpya kibonge kilikuwa kimenyooka. Kitu kirefu, kimejikunja katikati, kimeshika ukuta huku na kushika ukuta kule.

Hakutaka kujifurahisha. Akajaza maji kwanza, chembe baada ya chembe, akijaribu kwa moyo wote kukiua kile kitu. Ramani ikakataa, ikaweka alama nyekundu kila mahali. Akayatoa maji. Akachukua umbo la ile kemikali ya kifuniko cha bluu, akaliingiza. Likaingia kama mguu kwenye kiatu chake mwenyewe.

"Kitinda, njoo uone," akasema.

Alisema kabla hajajua anasema nini. Mashine zikaendelea kunguruma. Kiti cha pili mle chumbani kilikuwa kimewekewa maboksi ya karatasi tangu mwaka juzi, na yeye ndiye aliyeyaweka.

Jumapili alizunguka nyumbani. Ni nyumba ya vyumba viwili, safi kupita kiasi, ya mtu ambaye akivunja kikombe anajua ni yeye. Aliosha kilichokuwa kimeoshwa. Alipanga maneno kichwani, akayapangua. Saa tatu alishika simu akaiweka. Saa nne akapiga moyo konde, akabonyeza namba ambayo binamu alikuwa amempa zamani na ambayo hakuwahi kuitumia.

Ililia mara sita.

"Nani amekufa?" akauliza Kitinda. Si hujambo, si shikamoo.

"Hakuna aliyekufa."

Kwa mbali maji yalikuwa yanatiririka, kisha bomba likafungwa.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mdogo wangu."

"Sasa?"

"Nataka nije kazini kwako kesho. Nina kitu cha kukuonyesha."

"Kazini kwangu nina meno ya watu, Dada. Sina nafasi ya maonyesho."

"Dakika kumi."

Kitinda akapumua. "Saa sita mchana. Na usivae kile kisweta chako cha kijivu, huku vumbi la plasta halitoki."

Mama Kikomo alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatwa. Amekumbuka sweta.

Karakana ya Kitinda ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati ya meno, dirisha kubwa, meza nyembamba ukutani. Juu ya rafu kulikuwa na taya za plasta, safu kwa safu, kila moja ina namba ya mwenyewe, zote zimefumbua mdomo. Palinukia nta. Kitinda alikuwa ameinama mbele ya mwali mdogo wa moto, lenzi ya kukuzia imefungwa kichwani, anachonga ukingo wa jino la mbele kwa kisu chembamba kama sindano. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi mbele. Mikono ilikuwa ileile.

"Shikamoo Dada. Kaa hapo, usiguse taya."

"Marahaba." Mama Kikomo akakaa kwenye kigoda. Akaitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani kati ya taya mbili.

Kitinda akajifuta mikono. Akaitazama karatasi. Kisha akashusha lenzi machoni, akainama, akaitazama tena, muda mrefu mpaka mwali ukaanza kuunguza ncha ya nta na ikabidi auzime.

"Umekata wapi?" akauliza, hajainua kichwa.

"Mbili nukta nne."

"Vitone vya mtihani?"

"Vilevile vya zamani. Mara ya kwanza niliteleza, nikarudia yote."

"Ukaweka maji kwanza?"

"Nikaweka. Yamekataa."

Kitinda akaguna. Swali lake la kila siku leo lilikuwa limemgeukia Mama Kikomo mwenyewe, na alijibu akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Kifuniko cha bluu," akasema Kitinda pole pole.

"Kifuniko cha bluu."

Akainua lenzi. Uso wake ulikuwa umelainika, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. "Programu za siku hizi hazina mchezo," akasema. "Za wakati ule zisingeiona. Usijisumbue moyo, Dada. Si kosa lako. Wewe ulijaribu kwa zana ulizokuwa nazo."

Hapo hapo. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, nyeupe, na aliyeifungua ni mwenyewe aliyekosewa. Angeitikia tu. Angesema ndiyo, zana zilikuwa duni, na huenda Jumapili ijayo wangekula pamoja, na vitunguu vingesukumwa upande wake. Alikitamani kile chakula.

"Sikujaribu," akasema.

"Hukujaribu nini?"

"Siku ile. Mkutanoni. Nilisema nimekwenda mpaka mbili nukta tatu na hakuna kitu. Sikwenda popote. Nilikuwa napanga jedwali, kichwa kikaniuma, nikaenda nyumbani. Mkuu aliponitazama nikasema uongo. Niliona umenivua nguo mbele ya watu, nikasema uongo. Na nimeusadiki mwenyewe mpaka juzi Jumamosi. Hilo si la kujitetea. Nakwambia tu lilivyo."

Nje mtu alicheka kwenye foleni ya zahanati. Kitinda alichukua kile kisu chembamba, akakitazama, akakirudisha.

"Wiki ile nilikwenda kupima macho," akasema.

"Macho?"

"Nilikuwa nimekiona kile kitu, Dada. Waziwazi. Wewe ukasema umekwenda mpaka mbili nukta tatu na hakipo. Na wewe hukosei. Sasa nikajiuliza, mimi naona nini? Nikaenda kupima macho. Daktari akasema mazima. Nikaenda kwa mwingine, naye akasema mazima. Nikasema basi ugonjwa hauko machoni, uko kichwani. Mtu anayeona vitu ambavyo havipo atakaaje kwenye kazi ile? Atakuja kumuua mtu kwa dawa ya uongo." Akazionyesha taya kwa kidevu. "Nikaja huku. Jino unalishika. Lipo au halipo."

"Mimi nilidhani umeninunia," akasema Mama Kikomo.

"Kukununia?" Kitinda akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilikuamini."

Miaka minane Mama Kikomo alikuwa amejiandaa kwa hasira, alikuwa na majibu ya hasira ya kutosha kujaza ghala. Kwa kuaminiwa hakuwa amejiandaa. Machozi yalimtoka, akayaacha, hakuvaa miwani.

"Nitawaandikia jarida," akasema hatimaye. "Nitaandika kuwa kulikuwa na kitu, kuwa wewe ndiye uliyekiona, kuwa mimi sikutazama. Nitaandika hivyohivyo, sikutazama. Na yule mtafiti nitamtumia jina lako pamoja na picha."

"Andika."

"Na wewe..."

"Nenda, Dada." Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameinyanyua taya aliyokuwa anaichonga, na taya ile ilikuwa inagonga gonga meza, tk tk tk, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Wote wawili waliuona. Akaiweka chini, akauficha mkono chini ya meza. "Nenda sasa hivi. Karatasi iache."

Mama Kikomo akasimama, akafunga mkoba. Mlangoni akageuka. Alijua haifai kuuliza, akauliza.

"Utanipigia?"

Kitinda alikuwa ameshusha lenzi machoni tena, na karatasi ameivuta karibu.

"Sijui lini," akasema. "Lakini si lazima mtu afe kwanza."

"Sawa," akasema Mama Kikomo, akaufunga mlango taratibu, vumbi lisiruke.